Hiyo sitini na mbili umeitoa wapi?

Hapa Nairobi, karibu na Archives, upande wa barabara ya Tom Mboya, kuna kijana huwa anakaa na mizani. Kama si huyo mnamjua mwenzake, wako kila kona ya tao: mizani ya dijitali imewekwa chini, kipande cha katoni kimeandikwa PIMA UZITO 20/=, na mwenyewe amekalia kreti ya soda akiangalia simu. Ijumaa moja mwezi wa tano, saa kumi na moja jioni watu wakikimbilia matatu, nikavua viatu, nikamwachia mkoba wangu (mtu mzima na akili zake anaachia mtu asiyemjua mkoba Tom Mboya, lakini ndio hivyo), nikapanda.

"Themanini na tatu pointi moja, mathe."

Nikashuka, nikatoa sweta, nikapanda tena.

"Ni ile ile," akasema, na safari hii alisema kwa upole kama nesi.

Nikamlipa mbao yake, nikavuka barabara, nikaingia hoteli ya kwanza niliyoiona nikaitisha chapo mbili na madondo, na nikazila machozi yakinilenga mbele ya jamaa aliyekuwa anakula matumbo na hakuinua macho hata mara moja, Mungu ambariki.

Sasa sikilizeni. Mwezi wa kwanza nilikuwa 86.2. Hesabuni wenyewe.

Nilikuwa nalia kwa sababu nimepungua.

Hiyo kitu imenikaa kichwani wiki nyingi sana. Naosha vyombo, iko. Niko kwa matatu nimekwama pale Jogoo Road, iko. Mtu anapunguza kilo tatu kwa jasho lake halafu analia kama amefiwa, huyo mtu ana shida gani?

## Kilo kumi, siku thelathini

Niko 55. Hedhi ilikoma nikiwa 51. Hayo mengine mnayajua, joto la saa tisa usiku, shuka kuloa, sketi za kazini kukataa kufunga kiunoni na huku kwa makalio zinapwaya. Sitarudia.

Mwaka ulipoanza nilijiunga na grupu moja ya WhatsApp, shilingi 2,500 kwa M-Pesa, ahadi ni kilo kumi ndani ya siku thelathini. Kochi alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, tumbo bapa kama sinia. Kila asubuhi unatuma picha ya mizani. Siki ya tufaha, maji moto na ndimu, ugali marufuku, chai ya maziwa marufuku, na mimi ni mtu wa kukua na chai ya maziwa, hata sijui chai ya rangi ni ya nini. Wiki ya kwanza kilo mbili zikaenda nikaimba jikoni. Nilikuja kujua baadaye kwamba hayo mengi yalikuwa maji, ukikata wanga ghafla mwili unatumia akiba yake ya wanga na maji yaliyoshikana nayo yanatoka pamoja. Wiki ya pili, sifuri. Wiki ya tatu nikaongeza nusu kilo, na kochi akaniandikia mbele ya watu wote, "Mamaa, kuna mahali unadanganya."

Sikuwa nadanganya. Nilikuwa na njaa mpaka nikaota mandazi.

Kuna hesabu ningefanya kabla ya kutuma zile pesa. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Kilo kumi ni 77,000. Gawa kwa siku thelathini, ni zaidi ya 2,500 kila siku zitoke. Na mwanamke wa saizi yangu na umri wangu, mtu wa kukaa ofisini, kwa siku nzima anatumia kama 2,000 hivi. Kwa hivyo hata ningefunga mwezi mzima, hata mate nisimeze, kilo kumi za mafuta hazingetoka. Ni hesabu ya darasa la tano, na grupu ilikuwa na watu zaidi ya mia, wengine walimu.

## Swali

Mwezi wa pili nikaenda kupimwa kwa sababu kichwa kilikuwa kinaniuma. Presha 148 kwa 92, sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.3. Daktari akasema hiyo sukari bado si ugonjwa lakini imebisha hodi, akanituma chumba cha mwisho kwa mtaalamu wa lishe, binti mpole, miwani mikubwa, anaweza kuwa rika la kitinda mimba wangu.

"Mama, ungependa kufika kilo ngapi?"

"Sitini na mbili."

Hakucheka. Aliandika, akaweka kalamu chini.

"Hiyo sitini na mbili umeitoa wapi?"

Nikamwambia ndio uzito wangu. Akauliza wa lini. Nikasema wa kitambo, kabla ya watoto. Akauliza nani aliupima. Hapo nikaanza kukasirika, kwani ni kesi? Akasema tu, "Sawa mama, ukipata nafasi utaniambia. Kwa sasa tuseme 80 ifikapo Desemba."

Themanini! Nikatoka hapo nimenuna. Nimelipa pesa ya kuonana na mtu aniambie nipunguze kilo sita kwa mwaka? Yule kochi angalau alikuwa na imani na mimi. Nikaamua nitafuata chakula alichoniandikia, lakini namba nabaki na yangu. Na hiyo namba yangu ndiyo nilienda nayo mpaka kwa kijana wa Tom Mboya.

## Sanduku la chini ya kitanda

Baada ya ile siku ya chapo mbili swali likanirudia. Nani aliupima?

Nikavuta sanduku. Kuna vyeti vya shule, kuna picha za harusi zimeshikana, kuna kadi ya kliniki ya mimba yangu ya kwanza, 1996, imekunjika mara nne na kona moja imeliwa na mende. Kwenye mstari wa kwanza, uzito: 62.

Ndio hiyo. Nikafurahi, nikaona mimi si mwongo. Halafu nikavaa miwani.

Pembeni ya ile 62 nesi ameandika kwa mwandiko wa haraka kwamba ninatapika sana, na chini yake, mwezi uliofuata, uzito ni 66. Nikaketi sakafuni. Nilikumbuka yote kwa mara moja: ile mimba ilinitesa, wiki sita nzima sikushika chakula tumboni, nilikuwa naishi kwa ndimu, maembe mabichi na yale mawe ya odowa ya kununua sokoni, mama mkwe alikuwa analia akiona shingo yangu. Watu walikuwa wanauliza bwanangu kwa siri kama niko sawa.

Hiyo ndiyo sitini na mbili.

Miaka karibu thelathini nimejipima na uzito wa mgonjwa. Kabla ya hapo sikuwahi kupanda mizani, nani alikuwa anapima watu uzito bila sababu miaka hiyo? Kwa hivyo namba ya kwanza mtu kuniandikia nikaichukua kama ndiyo mimi halisi, na yote yaliyofuata, watoto watatu, kazi ya kukaa, kufiwa, hedhi kukoma, nikayaona kama uchafu uliopakwa juu yake ambao siku moja nitaosha.

## Hesabu ya chapati

Nikianza kuota jasho usiku huwa silali tena, nasoma kwa simu. Ndio nikakutana na kazi ya Kevin Hall na wenzake, watafiti wa Marekani, iliyotoka mwaka 2011 kwenye jarida la Lancet, na nikaisoma kwa mwendo wa mtu anayetoa mawe kwa maharagwe.

Kumbe ile hesabu ya kalori 7,700 kwa kilo, ambayo mimi mwenyewe nimewatolea hapo juu, inatosha kumshika tapeli wa mwezi mmoja lakini ukiipeleka mwaka inakudanganya. Tuseme chapati yangu moja ina kalori 240. Nikiiacha kila siku kwa mwaka, kwa hesabu ya zamani napunguza kilo kumi na moja na zaidi. Mwaka wa pili tena kumi na moja. Ukiendelea hivyo, baada ya miaka saba na nusu mimi sipo, nimeisha, wamebaki na dera langu kwenye kamba. Ni wazi kuna kitu hakiko sawa.

Kitu chenyewe ni kwamba mwili ukipungua unatumia kidogo. Mtu wa kilo 80 kupanda ngazi hatumii sawa na mtu wa 86. Na njaa nayo inaongezeka. Kwa hivyo wao wakatoa hesabu nyingine: kila kalori 24 unazoacha kwa siku, na usizirudie, mwishowe ni kama kilo moja. Nusu ya safari ni mwaka mzima. Asilimia 95 ya safari ni miaka mitatu.

Soma tena. Miaka mitatu.

Chapati yangu, basi, ni kilo kumi mwishowe, lakini mwaka wa kwanza ni kilo tano. Tano! Kwa kuacha chapati kila siku ya Mungu, Krismasi ikiwemo, na ruracio zote za ukoo, yaani sherehe za mahari.

Nilikaa na simu mkononi mpaka muazini wa mtaa wa pili akaanza. Kutoka 86.2 toa tano ni 81 na kidogo. Yule binti wa miwani alikuwa ameniambia 80. Hakuwa ananidharau, alikuwa amenipa hesabu ya kweli na juu yake akaongeza matembezi.

## Injini haijazimika

Jambo lililonishangaza ni hili. Sisi sote tunaambiana kwamba hedhi ikikoma mwili unaacha kuchoma chakula, injini inazima. Mwaka 2021 kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Science, watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, mdogo kabisa alikuwa na siku nane na mkubwa miaka 95. Ukishaweka sawa tofauti za ukubwa wa mwili, nguvu tunazochoma hazibadiliki sana kutoka miaka 20 mpaka 60. Baada ya hapo ndio zinaanza kushuka, chini ya asilimia moja kwa mwaka.

Nilitaka kukataa. Nilikuwa nimeipenda ile sababu ya injini.

Lakini haimaanishi hakuna kilichobadilika. Estrojeni, ile homoni ya kike, ikienda, mafuta yanahama, yaliyokuwa yanakaa kwa mapaja na makalio yanahamia tumboni, ndio ile sketi. Misuli inapungua mwaka baada ya mwaka usipoifanyisha kazi. Usingizi ukiharibika njaa inakuja na makelele. Na maisha yenyewe: nilikuwa natembea kutoka stegi hadi kazini, siku hizi boda inanitoa mlangoni. Ni vitu kumi vidogo na hakuna hata kimoja cha kubebeshwa lawama yote. (Na usitafute sana habari zetu kwenye takwimu za nyumbani. Ule utafiti mkubwa wa KDHS, wa afya na idadi ya watu Kenya, unahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Ukigonga 50 umeachwa stegi.)

Najua kuna mtu ataniuliza kuhusu sindano za kupunguza uzito. Kwenye jaribio kubwa la semaglutide, mojawapo ya dawa hizo, lililotangazwa 2021, watu walipungua wastani wa asilimia 15 hivi kwa wiki 68. Ni nyingi sana, sisemi mchezo. Kwangu hiyo ingekuwa 73. Na walioacha sindano, ndani ya mwaka mmoja walirudisha kama theluthi mbili ya walichopunguza.

Hata sindano hainifikishi kwa 62. Nilicheka peke yangu, bwanangu akageuka upande wa pili.

## Wanawake sitini

Halafu kuna hawa. Mwaka 1997, Marekani, watafiti waliuliza wanawake 60 wanene wanaoanza kupunguza uzito: mnataka kupunguza kiasi gani? Kwa wastani wakasema asilimia 32 ya mwili wao. Mimi nilikuwa nimetaka 28, kwa hivyo ni dada zangu kabisa. Wakaulizwa pia ni kiasi gani kitawaudhi, yaani wakiishia hapo wataona ni hasara tupu. Wakasema kilo 17.

Wiki 48 baadaye walikuwa wamepunguza wastani wa kilo 16.

Kilo kumi na sita! Huo ni uzito wa mtoto mzima wa miaka minne, na karibu nusu yao, asilimia 47, hawakuwa wamefika hata ile namba ya kuudhika. Na wastani wa umri wao ulikuwa kama miaka 40.

Niliposoma hapo nilimuona kijana wa Tom Mboya, nikajiona nimeshika kiatu.

## Dada yangu hakubali

Nilimsomea dada yangu mkubwa haya yote kwa simu. Ana miaka 63, yuko Thika, hana subira.

"Wewe unajitafutia sababu," akasema. "Ukilenga 80 utafika 82. Ukilenga 62 utaanguka kwa 75. Sasa nani mjinga?"

Nikamwambia si hivyo. Akasema, na hili ndilo lilinichoma, "Sisi tukishafika hamsini kila kitu ni umri. Magoti, ni umri. Usingizi, ni umri. Nilienda na maumivu ya bega mwaka mzima wananiambia ni umri. Sasa na wewe unataka kutuambia hata kupungua, ni umri, kaeni chini."

Sikuwa na jibu. Bado sina lote. Tena ana watu upande wake: mwaka 2013 jarida la New England la madaktari lilichapisha orodha ya imani potofu kuhusu unene, na mojawapo ni hii hii, kwamba usipojiwekea lengo la wastani utakata tamaa na utapunguza kidogo. Wakasema ushahidi hauonyeshi hivyo, wenye malengo makubwa wakati mwingine hata wanafanya vizuri zaidi. Na kwa ile chati ya ukutani, mtu wa urefu wangu, mita 1.6, anatakiwa asizidi 64, kwa hivyo 62 si namba ya kichaa.

Hiyo ilinirudisha nyuma wiki mbili nzima. Nilikuwa karibu nifute nilichoandika.

Kilichonitoa hapo ni daftari langu la jikoni. Nimeanza daieti 2019, 2021 na 2023. Mara ya kwanza niliacha nikiwa nimepunguza kilo nne. Ya pili tatu. Ya tatu nne na nusu. Kila mara niliacha nikiwa napungua! Kila mara niliandika neno lile lile, "haifanyi kazi." Pengine wengine lengo kubwa huwasukuma, sikatai, dada yangu ni mtu wa hivyo, huyo ukimwambia mlima hauwezekani anavaa viatu. Mimi lengo kubwa linanipeleka hotelini kwa chapo mbili. Nimepunguza kilo kumi na moja na nusu maishani mwangu, kwa vipande, na zote nikazirudisha nikiamini sijawahi kupunguza hata moja.

Lakini lile la "ni umri" nakubaliana naye. Tofauti ni kwamba yule binti hakuniambia nikae chini. Aliniambia nibebe vitu vizito.

## Mitungi

Kwa sababu ukipungua bila kutumia misuli, robo hivi ya unachopoteza si mafuta, na mifupa nayo inapungua, na kwetu sisi ambao estrojeni imeondoka mifupa si ya kuchezea. Kwa hivyo Jumatatu, Jumatano na Jumamosi najaza mitungi miwili ya lita tano, nasimama kati ya sofa na televisheni, nachuchumaa nikiinuka. Mwezi wa kwanza niliweza mara sita. Siku hizi kumi na tano, seti tatu. Mjukuu anahesabu, anaruka kumi na mbili kila wakati. Jioni natembea dakika thelathini. Omena imerudi mezani, mayai, ndengu, na ugali upo, wa ukubwa wa ngumi. Chai ya maziwa ipo, sukari ndio imetoka.

Chapati ni Jumapili.

Ile themanini yule binti wa miwani hakuitoa hewani. Kuna jaribio kubwa la kuzuia kisukari Marekani, watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imebisha hodi kama yangu, matokeo yakatoka 2002. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Waliokuwa na miaka 60 na zaidi ndio walifaidi kuliko wote, asilimia 71. Asilimia saba yangu ni kilo sita. Themanini.

Mwezi uliopita nilikuwa 81.7. Presha 134 kwa 84. Sukari 5.8. Kiuno kimetoka sentimita 102 mpaka 96, na ile sketi ya bluu inafunga nikivuta pumzi, nikikaa inafunguka. Mashavu yamebaki pale pale, tumbo nalo bado linatangulia kuingia chumbani. Kuna siku naangalia picha ya harusi na bado namtaka yule. Hapo bado sijapona.

Kadi ya kliniki sijairudisha sandukuni. Iko kwa friji, na binti yangu, yule yule wa kwenye kadi, alipokuja Jumapili aliisoma akashika mdomo. "Mami, mimi ndio nilikufanya hivi?" Nikamwambia ndio, na bado unakula chapati zangu.

Juzi dada yangu akapiga simu. Akaniambia habari za mahindi, akaniambia habari za mtu aliyekufa ambaye simjui, akanyamaza kidogo.

"Na ile chapati," akasema, "ulisema unaacha ya asubuhi ama ya jioni?"